Mto Una Bwawa, Fedha Haina

Mtu anayefundisha katekismu huulizwa maswali mengi, wala si yote ya dini. Jioni moja mwishoni mwa mwaka 2019 ndugu mmoja wa jumuiya yetu hapa Kolwezi, mchimbaji wa mkono, alitungoja mlangoni pa kanisa mpaka watu wote wakaenda zao. Alitaka kukopa karo ya watoto wawili wa sekondari. Tulishangaa, maana mwaka mmoja tu nyuma alikuwa mtu wa pikipiki mbili, na ubatizo wa mtoto wake wa mwisho ulikuwa sherehe ya mtaa mzima. Akatuambia: “Baba katekista, fedha nilizipata. Lakini sikuwa na mahali pa kuzilaza.”

Kisa chake ni kifupi. Mwezi Machi 2018 tani moja ya kobalti iliuzwa katika soko la dunia kwa dola 95,000 hivi. Siku zile wakopeshaji wa mtaani walimfuata wenyewe nyumbani, wakampa fedha ya pikipiki ya pili kwa riba kubwa. Katikati ya mwaka 2019 bei ilikuwa imeanguka chini ya dola 35,000. Mwezi Novemba mwaka uleule mgodi mkubwa wa Mutanda, usio mbali na mji wetu, ukasimamisha kazi. Wale waliomfuata ili kumkopesha sasa wakamfuata ili kumdai. Pikipiki zote mbili zikaenda, na deni likabaki.

Neno lake lilitukaa moyoni. Tukasoma, tukawauliza wazee: Je, kisa hiki ni cha mtu mmoja tu? Jibu tulilopata ni kwamba ni kisa cha nchi yetu nzima, nacho ni cha siku nyingi. Kwa hiyo twataka kueleza hapa namna nyumba za fedha, yaani benki, wakopeshaji na vyama vya akiba, zinavyoweza kuikuza nchi, na namna nyumba hizohizo zinavyoweza kuiyumbisha.

Mfano wa bwawa la Nzilo

Tuanze na mfano ambao kila mtu wa Kolwezi anaujua. Mto wetu Lualaba hujaa wakati wa mvua, na hupungua wakati wa kiangazi. Lakini tanuru za shaba haziwezi kuwaka nusu ya mwaka na kulala nusu ya mwaka. Ndiyo sababu kampuni ya Union Minière ilijenga bwawa la Nzilo, lililoanza kutoa umeme mwaka 1952, na mwaka 1956 likafuata la Nseke, chini yake katika mto uleule. Ziwa la Nzilo hupokea maji ya masika na kuyashika. Mto ukipungua, huyatoa kwa kipimo. Mvua haikuongezeka hata tone moja, lakini umeme ukapatikana mwaka mzima.

Basi, bei ya shaba na kobalti ni mto wa namna hiyo, ila una ubaya mmoja zaidi: majira yake hayajulikani. Mkulima ajua mvua itakuja mwezi gani. Mchimbaji hajui bei itapanda lini, wala itaanguka lini, maana inapangwa London na katika viwanda vya Uchina, mbali na macho yake.

Nyumba ya fedha iliyo njema yafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kukusanya akiba ndogondogo za watu wengi ziwe mtaji mmoja mkubwa, kama vijito vingi vikusanywavyo ili kuzungusha mtambo. Hii ndiyo kazi ya kukuza. Ya pili ni kushika mali ya wakati wa wingi na kuitoa wakati wa upungufu. Hii ndiyo kazi ya kutuliza. Lakini iko nyumba ya fedha ya namna nyingine. Hiyo hufungua milango bei ikiwa juu, na huifunga bei ikianguka. Hiyo si bwawa. Ni mfereji uongezao maji shambani siku ya gharika na kuyazuia siku ya ukame. Tushike mfano huu, nao utatuongoza katika historia yote.

Misalaba ya shaba

Watu wa nchi hii hawakungoja Mzungu ili wajue fedha. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, ambamo Lualaba yetu yapita ikielekea kaskazini. Kando ya mifupa ya marehemu walikuta misalaba midogo ya shaba, ile iitwayo handa. Katika makaburi ya zamani zaidi misalaba ni mikubwa na michache. Katika makaburi ya karne zilizofuata ni midogo, ni mingi, na vipimo vyake vyafanana. Hapo wataalamu wakasema: hii ilikuwa fedha, maana kitu kinachohesabiwa lazima kifanane.

Tazameni hekima ya fedha ile. Haikuoza kama mtama, wala haikufa kama mbuzi. Mtu aliyeyeyusha shaba wakati wa kiangazi aliweza kuilaza nyumbani mwake miaka mingi, akaitoa siku ya mahari au siku ya njaa. Na hakuna mfalme aliyeweza kuiongeza kwa kusema neno tu. Ilitaka mkaa, udongo wa mfinyanzi, na jasho. Hata Moïse Tshombe alipotangaza Katanga kuwa nchi ya peke yake, kati ya Julai 1960 na Januari 1963, msalaba huo uliwekwa katika bendera na katika sarafu za mwaka 1961.

Mkopo pia ulifika Lualaba mapema. Katika karne ya 19 misafara ya pwani iliyoingia nchi hizi iliondoka Unguja kwa bidhaa za mkopo. Tippu Tip, aliyetawala sehemu kubwa ya mto huu huko Kasongo, alikopeshwa na tajiri wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan. Mkopo ule ulikuza biashara kweli. Lakini ulikuza biashara gani? Pembe za ndovu, na pamoja nazo watu waliofungwa minyororo. Tukumbuke basi tangu mwanzo kwamba fedha yakuza kile ilichopelekwa kukikuza, kiwe chema au kibaya. Haina macho yake yenyewe.

Hisa, reli na tanuru

Mfalme Msiri wa Bunkeya, aliyetoka Unyamwezi, aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, na nchi ikaingia mikononi mwa watu wa mfalme Leopold. Walijua kwamba shaba ipo. Lakini kuitoa kulitaka reli ya maelfu ya kilometa, tanuru, na chakula cha wafanyakazi kabla ya kuuza hata ratili moja. Mtu mmoja, hata tajiri, hawezi kubeba mzigo huo peke yake.

Hapo ndipo twaona nguvu ya nyumba za fedha. Mwaka 1906 iliundwa Union Minière. Mtaji wake ulitoka katika hisa, yaani vipande vya umiliki vilivyouzwa Ulaya, hasa kwa njia ya Société Générale, benki kubwa ya Ubelgiji, na kampuni ya Waingereza iliyoitwa Tanganyika Concessions. Mwaka 1909 ikaanzishwa Benki ya Kongo ya Kibelgiji. Mwaka 1910 reli ya kusini ikafika Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, na mwaka 1911 tanuru ikatoa shaba ya kwanza. Miaka mitano tu kutoka karatasi hadi shaba! Akiba za watu wasiowahi kuiona Afrika ziligeuka kuwa reli katika msitu wetu. Asiyekubali kwamba fedha iliyopangwa vema yaweza kukuza nchi, na aitazame reli ile.

Lakini tuulize pia: bwawa la mali ile lilikuwa wapi? Lilikuwa Brussels. Faida za miaka ya neema zililazwa kule, na uamuzi wa kuzitoa ulikuwa kule. Mwaka 1929 ratili moja ya shaba iliuzwa kwa senti 18 hivi za dola. Mwaka 1932 ilikuwa imeanguka chini ya senti 6. Kampuni haikufa, maana ilikuwa na akiba yake na benki yake. Lakini wafanyakazi wake Waafrika walipunguzwa zaidi ya nusu katika miaka michache, wakarudishwa vijijini. Kijiji ndicho kilichokuwa bwawa lao: shamba la mihogo, na wazazi waliowapokea. Kampuni ilitulizwa na fedha, mfanyakazi akatulizwa na jembe la mama yake.

Bei ikapanda tena. Mwaka 1937 ukaanzishwa mji wetu wa Kolwezi kwa ajili ya migodi ya magharibi. Kambi zikajengwa, posho ikatolewa kila juma, shule na hospitali zikafunguliwa. Wazee wetu waliotunzwa hivyo huzikumbuka siku hizo kwa shukrani, pamoja na uchungu wa kutawaliwa. Lakini Sanduku la Akiba la Kongo, lile liitwalo leo CADECO, lilianzishwa mwaka 1950 tu, miaka 41 baada ya benki ya wakubwa. Mfereji wa kutoa mali ulichimbwa mapema sana. Kisima cha mtu mdogo kikaja mwisho.

Miaka ya zaire

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Mwanzoni mwa mwaka 1967 serikali ilitwaa mali ya Union Minière katika nchi, na shirika jipya baadaye likaitwa Gécamines. Tarehe 24 Juni mwaka huohuo ikazaliwa fedha mpya, zaire. Zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili. Wazee wetu watuambia kwamba waliishika noti ile kwa fahari, na haki walikuwa nayo.

Mwezi Aprili 1974 shaba ilipita dola moja na senti 30 kwa ratili. Benki za Ulaya, Marekani na Japani zikashindana kuikopesha Zaire. Je, kwa nini? Kwa sababu shaba ilikuwa juu. Hapa wasomaji wautambue ule mfereji wetu. Mkopo ulikuja siku ambayo haukuhitajiwa sana, ukapelekwa katika kazi kubwa kubwa. Mojawapo ni waya wa umeme wa kilometa 1,700 hivi kutoka Inga, karibu na bahari, hadi hapa Kolwezi, nchi iliyokuwa tayari na mabwawa yake katika Lualaba. Kazi ile haikumalizika mpaka mwanzo wa miaka ya 1980, na gharama yake ilipita sana makadirio.

Kabla ya mwaka 1974 kwisha, bei ilikuwa chini ya senti 60. Mwezi Agosti 1975 vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela, njia fupi ya shaba yetu kwenda baharini. Benki zilezile zilizoshindana kukopesha sasa zikashindana kudai. Mwaka 1976 wakopeshaji walikutana Paris kwa mara ya kwanza ili kuahirisha madeni ya Zaire, wala haikuwa mara ya mwisho. Mwezi Mei 1978 vita viliingia Kolwezi yenyewe, watu wengi wakauawa, na migodi ikanyamaza. Mjerumani Erwin Blumenthal, aliyetumwa mwaka 1978 kusimamia Benki ya Zaire, aliondoka mwaka 1979, akaandika baadaye kwamba fedha ya nchi ilikuwa ikichotwa na wakubwa. Bwawa lilikuwa limetobolewa na walinzi wake wenyewe.

Ikaja Noeli ya mwaka 1979. Tarehe 25 Desemba, siku ambayo familia zilikuwa zimekaa pamoja mezani, serikali ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazina tena thamani. Siku za kubadilisha zilikuwa chache, na kiasi cha kubadilisha kiliwekewa mpaka. Fikirini mjane aliyeficha noti zake katika mtungi, mbali na mji. Fikirini mfanyakazi aliyesikia mahubiri ya kuweka akiba, akayatii. Mlevi aliyekunywa fedha yake yote wiki iliyotangulia alipata hasara ndogo kuliko mtu mwenye busara. Nchi inapofikia hapo, imewafundisha watoto wake kwamba kuweka akiba ni upumbavu, na fundisho hilo halisahauliki upesi.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani 476,000 hivi za shaba. Kwa macho ilikuwa na nguvu, lakini mapato yake yalichukuliwa mwaka hata mwaka, wala hakikubaki cha kutosha kununulia mitambo mipya. Mwezi Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1994 shirika zima lilitoa tani 30,000 hivi tu.

Serikali isiyo na mapato ikachapa noti. Fedha ni kama maziwa: ukitia maji, kibuyu chajaa, lakini mtoto hashibi. Mwezi Januari 1993 askari walilipwa kwa noti mpya za zaire milioni 5, wachuuzi wakazikataa, na ghasia zikaenea Kinshasa. Mwezi Oktoba mwaka huo zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire moja mpya. Tarehe 30 Juni 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja ya Kongo. Tupige hesabu pamoja. Faranga moja ile ilikuwa sawa na zaire bilioni 300 za asili. Kwa kipimo cha siku ya kuzaliwa kwake mwaka 1967, hizo zingekuwa dola bilioni 600. Zilipatikana kwa faranga moja!

Watu wafanye nini? Wengine wakaanza likelemba, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita upatu: kila mwezi wote watoa, mmoja apokea. Wengine wakaangukia mikononi mwa wale walioitwa kwa mzaha “Banque Lambert”, jina la benki ya Wabelgiji, waliokopesha 100 na kudai 150 mwisho wa mwezi. Na mwaka 1991 maelfu ya watu wa Kinshasa walipoteza fedha zao katika michezo kama Bindo, iliyoahidi kuzizidisha kwa muda mfupi. Kumbe wa mwisho walikuwa wakiwalipa wa kwanza, mpaka wa mwisho wakakosekana. Nyumba ya fedha isiyo na kazi ya kweli nyuma yake ni kibuyu kisicho na kitako.

Tangu siku hizo watu wetu wameiamini dola. Hata leo sehemu kubwa sana ya amana katika benki za Kongo ni dola, wala si faranga. Na benki inayoogopa kesho hukopesha kidogo, kwa muda mfupi, na kwa riba nzito. Kwa hiyo nchi inayotoa shaba nyingi kuliko nchi zote isipokuwa Chile ina mafundi wasioweza kukopa fedha ya kununua mashine ya kushonea.

Mashamba mawili ya shaba

Pengine msomaji atasema: Ndiyo desturi ya shaba, hakuna dawa. Basi tuitazame hiyo Chile, nchi ya shaba kama yetu, yenye kuuza katika soko lilelile na kwa bei ileile.

Nayo haikuanza vizuri. Katika miaka ya 1970 Chile ilizifungulia benki zake kila mlango bila walinzi wa kutosha, na mikopo ya nje ikafurika. Mwaka 1982 mafuriko yakakauka, na mapato ya nchi yakaanguka karibu sehemu 14 kwa mia. Mwezi Januari 1983 serikali ikalazimika kuzishika benki kubwa kwa mkono wake. Kwa hiyo wingi wa benki peke yake si salama. Mwaka 1993 wataalamu wawili, Robert King na Ross Levine, walilinganisha nchi 80, wakaona kwamba zile zenye nyumba za fedha zilizoendelea zaidi zilikua upesi zaidi. Wataalamu waliowafuata wameongeza onyo: mkopo ukikua upesi kupita uwezo wa nchi kuusimamia, nchi hupanda kama moshi na kuanguka kama jiwe.

Chile ilijifunza. Katikati ya miaka ya 1980 ilianzisha mfuko wa kutuliza bei ya shaba. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kueleza, ngumu kutii: bei ikipita kiwango fulani, ziada iliingia mfukoni, hata kama wabunge walilia na wapiga kura walinung’unika. Bei ikianguka, mfuko ulifunguliwa.

Jaribio likaja. Katikati ya mwaka 2008 tani ya shaba ilipita dola 8,000. Mwezi Desemba ilikuwa chini ya 3,000. Mwaka 2009 Chile ilitoa karibu dola bilioni 9 katika akiba yake, ikalipa kazi za umma na kuwasaidia maskini wake. Na sisi? Katika Katanga tanuru nyingi zilizimwa na wachimbaji wakakosa wanunuzi. Akiba ya nchi ya fedha za kigeni ilikaribia kwisha kabisa, na mwezi Machi 2009 Shirika la Fedha la Kimataifa lililazimika kutukopesha dola milioni 195 hivi. Ukame ulikuwa mmoja. Mmoja alikwenda ziwani kwake kuchota. Mwingine alikwenda kwa jirani akiwa na ndoo.

Tusiwe watu wa kulalamika tu. Sheria yetu ya madini, iliyogeuzwa mwaka 2018, imeugawanya mrabaha wa migodi: nusu kwa serikali kuu, sehemu 25 kwa mia kwa jimbo, 15 kwa mia kwa wilaya au mji wenye mgodi, na 10 kwa mia kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Yaani bwawa limechorwa katika karatasi. Lakini bwawa la karatasi halishiki maji. Litashika siku ile raia watakapouliza kila mwaka, bila matusi na bila woga: Kiasi gani kiliingia? Kiasi gani kilitoka? Nani alishika ufunguo?

Tufanye nini sisi wadogo

Mtu wa mtaa hawezi kuamuru bei ya London, wala hashiki ufunguo wa hazina. Lakini historia ya Kanisa yaonyesha kwamba watu wadogo wameweza kujijengea visima. Huko Perugia katika Italia, mwaka 1462, Wafransisko walisaidia kuanzisha nyumba ya kukopesha maskini kwa rehani na riba ndogo, ili kuwaokoa na wala riba. Huko Lévis katika Kanada, mwaka 1900, Alphonse Desjardins alianzisha chama cha akiba cha wenyeji, na vyama vya namna hiyo vikaenea parokia kwa parokia. Siri yao ilikuwa moja: aliyeshika fedha alijulikana kwa jina na kwa mwenendo, na daftari lilifunguliwa mbele ya wote.

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu.

Mosi, tutenganishe fedha ya mvua na fedha ya kiangazi. Bei ikiwa juu, mchimbaji asijihesabie kwamba huo ndio mshahara wake. Ajiulize kipato chake cha kawaida ni kiasi gani, aishi kwa hicho, na ziada ailaze.

Pili, tusikope kwa sababu tumefuatwa. Anayetufuata na fedha wakati wa neema hatatufuata wakati wa shida, isipokuwa kudai. Mkopo mwema ni ule unaonunua kitu kitakachoulipa, hata bei ya kobalti ikianguka nusu.

Tatu, tusiweke yai lote katika kiota kimoja. Mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipopewa fedha ya kuondoka kwa msaada wa Benki ya Dunia, sisi tulikuwa vijana wa shule. Tuliona baba wa familia wengi wakipokea kwa mara moja fedha ambazo hawakuwahi kuzishika maishani. Baada ya miaka michache waliosimama bado, kati ya wale tuliowajua, ni wale waliogawanya: shamba kidogo, nyumba ya kupangisha kidogo, akiba kidogo. Waliotia vyote katika gari moja, gari lilipokufa, nao walikwisha.

Turudi kwa yule ndugu wa mlangoni pa kanisa. Karo tulimchangia. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe aliwakusanya wenzake kumi na watano wakaanza chama cha akiba. Wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zakaa kwa watu watatu wa nyumba mbalimbali. Kila Jumapili baada ya Misa huhesabu kwa sauti. Mwaka 2022 bei ya kobalti ilipopanda tena karibu na dola 80,000, wakopeshaji walirudi mtaani kama kawaida yao. Yeye aliwakaribisha maji ya kunywa, wakaenda zao. Bei ikaanguka mwaka 2023, ikaendelea kushuka, na tarehe 22 Februari 2025 serikali ikasimamisha kabisa kupeleka kobalti nje, hata ilipoweka kipimo kwa kila kampuni mwezi Oktoba. Miezi ile ilikuwa migumu Kolwezi nzima, na yeye hakusalimika. Alikula mara moja kwa siku kama wengine, wala sanduku lao halikuwa na fedha nyingi.

Lakini wote tumesikia habari za Yosefu katika Misri, na ghala alizozijaza katika miaka saba ya shibe. Ghala hazikuizuia njaa isije. Zilifanya tu kwamba ilipokuja, watu hawakufa. Mwezi Septemba 2025 shule zilipofunguliwa, sanduku lile la kufuli tatu lilifunguliwa pia, na watoto wa wale kumi na sita wakaingia darasani siku moja na wengine.